Mkimbizi habebi kioo: Nilivyorithi duka la fremu Mabanda

UKITOKA Makamba kwenda mpakani Mugina, unapita Mabanda. Ni mji mdogo wa soko, wenye mawese, mihogo, vitenge na baiskeli nyingi zinazopanda na kushuka kutoka upande wa Manyovu, Tanzania. Wafanyabiashara wa Kigoma na Kasulu wanaujua vizuri. Sisi tuliorejea tunaujua pia, maana wengi wetu tulipita hapo na mizigo yetu kabla ya kutawanyika kwenda kutafuta mashamba ya wazazi wetu.

Katika mji huo kuna duka la kutia picha fremu. Tangu Machi 2019 duka hilo ni langu. Kazi yangu ya kwanza ni ualimu, nafundisha Kiswahili asubuhi, na dukani naingia mchana. Nilizaliwa mwaka 1979 katika makazi ya Mishamo, wakati huo Mkoa wa Rukwa na sasa Mkoa wa Katavi, kwa wazazi waliokimbia Burundi mwaka 1972. Nilisoma huko huko, kwa Kiswahili, nikarejea nyumbani mwaka 2009.

Ndugu msomaji, siandiki makala haya ili kutangaza duka. Naandika kwa sababu ya rafu moja iliyo ukutani nyuma ya meza yangu ya kazi. Nilipolichukua duka, rafu hiyo ilikuwa na fremu 41 zilizokwisha kutengenezwa, kila moja ikiwa na picha ya mtu na karatasi yenye jina. Wenyewe hawakuwa wamekuja kuzichukua, na wengi wao walikuwa ng'ambo ya mpaka.

Fremu ya fremu

Nilipowapigia simu jamaa zangu waliobaki Mishamo kuwaeleza kwamba nimechukua fremu Mabanda, walinipongeza, kisha wakauliza ni fremu ya biashara gani. Kwa Watanzania fremu ni chumba cha duka. Nikajibu ni fremu ya fremu, wakacheka, wakadhani nimeanza kusahau Kiswahili.

Duka lilikuwa la mzee mmoja ambaye sitamtaja jina kwa kuwa mwenyewe hapendi. Ufundi aliupata Uvira, upande wa Kongo, kabla ya vita vya 1996. Aliporudi alifungua karakana yake Mabanda akawa fundi pekee wa kazi hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 2018 macho yalianza kumsumbua. Fundi fremu asiyeona vizuri hukata kona zisizokutana, na kona isiyokutana mteja huiona hata akiwa mlangoni.

Mimi nilikuwa mteja wake. Nilimpelekea cheti changu cha kidato cha nne, nilichokileta kutoka Tanzania kikiwa kimekunjwa ndani ya kipande cha bomba la plastiki. Tukazoeana. Siku za likizo nilikuwa nakaa naye, namsomea vipimo naye anakata. Ndivyo nilivyojifunza.

Kazi yenyewe haina siri kubwa, ila inataka hesabu. Mbao ya fremu hukatwa pembe ya nyuzi 45 kila upande ili vipande viwili vikikutana vifanye kona ya nyuzi 90. Urefu wa mbao unaohitajika ni mzingo wa picha, jumlisha upana wa mbao mara 8, kwa sababu kila kipande kati ya vile vinne hurefuka pande zote mbili. Picha ya sentimita 30 kwa 40, kwa mbao yenye upana wa sentimita 3, inataka sentimita 164. Cheti cha sentimita 21 kwa 29.7 kinataka sentimita 125 na ushee. Mbao moja ya mita 3 kwa hiyo inatoa picha moja ya ukubwa huo na cheti kimoja, na zinabaki sentimita kama 10 za kuliwa na msumeno. Anayekata bila hesabu hiyo hutupa faida yake sakafuni.

Baada ya kugundisha, pima kutoka kona hadi kona ya mkabala, kisha pima nyingine mbili. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Visipolingana, isukume kabla gundi haijakauka. Mzee hakuwahi kutumia kifaa kingine chochote kuhakikisha, isipokuwa kamba.

Tena nisiwadanganye wanaotaka kuingia katika kazi hii. Fremu za picha peke yake hazilipi kodi ya chumba. Kinacholipa kodi ni kioo cha dirisha na vioo vya kujitazamia. Harusi, komunyo ya kwanza, vyeti, picha za Moyo Mtakatifu, na Ayatul Kursiyu kwa Waislamu wa upande wa Nyanza-Lac, hivyo ni msimu. Mwezi wa kazi nyingi kuliko yote niliyowahi kuiona ulikuwa Juni 2020. Rais Pierre Nkurunziza alifariki dunia tarehe 8 mwezi huo, na Évariste Ndayishimiye akaapishwa tarehe 18. Ofisi na maduka vililetewa picha mpya za ukutani, lakini wengi waliniletea fremu zao zile zile. Nilitoa picha moja nikaweka nyingine, nikatoza gharama ya misumari na kufuta vumbi.

Masharti ya Mzee

Tulikabidhiana mbele ya mashahidi wawili. Bei ilikuwa faranga 1,800,000. Nililipa 600,000 kutokana na mauzo ya mawese ya shamba letu, na zilizobaki nikalipa 100,000 kila mwezi kwa miezi 12. Tuliandika kila kitu: meza, msumeno na boksi lake la kukatia pembe, almasi mbili za kukatia kioo, vioo vizima 9, mbao 23, daftari la wateja.

Mwishoni Mzee akataka iandikwe na rafu.

"Fremu hizi 41 ni zako kuzitunza, si zako kuziuza," alisema. "Mwenyewe akija, atalipa salio lililoandikwa. Usimwongezee hata faranga moja."

Nikamuuliza, "Na asipokuja, Mzee wangu?"

"Wewe ulikaa miaka mingapi huko kabla ya kuja?"

Sikuwa na la kujibu. Wazazi wangu walikaa miaka 37.

Kati ya fremu hizo, tatu tu zilikuwa za kabla ya 2015. Nyingine zote ziliagizwa kati ya Januari na Mei mwaka huo. Msomaji anakumbuka kilichotokea. Mwezi Aprili 2015 nchi iliingia katika machafuko kutokana na suala la muhula wa tatu wa rais, na watu wakaanza kuvuka mpaka. Katika miaka iliyofuata waliokimbilia nchi jirani walizidi 400,000, zaidi ya nusu yao wakiwa Tanzania, katika kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. Mabanda, iliyo jirani na mpaka, iliona watu wakipita usiku na mchana. Miongoni mwao walikuwamo waliorejea mwaka 2008 na 2009 wakitoka makazi ya zamani, yaani watu waliokimbia mara ya pili katika maisha yao.

Mzee alinisimulia kwamba wiki hizo baadhi ya wateja walipita dukani kwake. Hawakuja kuchukua fremu. Walimwomba atoe picha ndani ya fremu wabebe picha tu. Aliwatolea. Wengine hawakupata hata nafasi ya kupita.

Kwa nini tulikuwa hatuna picha ukutani

Hapo ndipo nilipoelewa jambo nililoliona utotoni bila kulifikiria. Mishamo hatukuwa na picha ukutani. Watu walikuwa na nyumba nzuri za matofali, mashamba ya tumbaku na mahindi, shule na zahanati. Picha walikuwa nazo, lakini zilikaa ndani ya Biblia, ndani ya kopo la biskuti, ndani ya mfuko wa nailoni juu ya dari. Mama yangu alikuwa na picha moja ya baba yake, ndogo ya kitambulisho, na aliitoa mara moja kwa mwaka.

Mkimbizi habebi kioo. Anabeba sufuria, godoro, jembe, mtoto. Kioo kinavunjika njiani, kinamkata mtu, hakikunjwi. Anayejua kwamba huenda akahama tena hanunui fremu. Mpaka mwaka 2007, wakimbizi wa 1972 waliokuwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo walikuwa karibu 218,000. Serikali ya Tanzania ilipowapa nafasi ya kuchagua, takriban mmoja kati ya watano alichagua kurudi Burundi, wengine wakaomba uraia. Jamaa zangu waliopata uraia wameniambia kwamba vyeti vyao vya uraia ndiyo karatasi ya kwanza waliyoitia fremu wakaining'iniza sebuleni. Siwashangai. Walikuwa wamejua watalala wapi miaka inayokuja.

Kwa hiyo daftari la duka la fremu linaweza kusomwa kama daftari la watu kuamini kwamba wamefika. Katika daftari la Mzee, oda za 2009 ni chache, za 2011 zinaongezeka, za 2014 zimejaa kurasa. Kuanzia Juni 2015 kuna kurasa tupu. Oda zinaanza kuonekana tena taratibu mwaka 2018, baada ya watu kuanza kurejea kutoka Tanzania mwishoni mwa 2017.

Bei ya 2015 na faranga ya leo

Novemba 2021 aliingia mama mmoja na mwanawe wa kiume. Walikuwa wamerejea kutoka Nduta. Risiti aliitoa ndani ya kadi ya kliniki, imechakaa lakini inasomeka: fremu ya 30 kwa 40, bei 9,000, arubuni 5,000, salio 4,000. Ilikuwa picha yake ya harusi. Mume, alinieleza, alizikwa huko huko kambini.

"Mwalimu, sasa hivi bei imekuwaje?" aliuliza.

"Salio ni elfu nne, mama."

"Ya zamani hiyo."

"Na fremu ni ya zamani."

Alilipa. Kisha akaniomba iendelee kukaa dukani, kwa sababu alikuwa amejihifadhi kwa kaka yake na nyumba yake mwenyewe haikuwa na paa. Niliirudisha kwenye rafu nikaandika "imelipwa". Miezi minne baadaye alikuja kuichukua, akiwa ameshika kijiti alichokikata kwa kipimo cha madirisha mawili.

Rafiki yangu mmoja, mfanyabiashara wa Kasulu anayeniletea mizigo, aliposikia habari hii alinicheka waziwazi. Alisema maduka mengi yameandika ukutani kwamba mali isiyochukuliwa ndani ya miezi mitatu ni ya mwenye duka. Alisema biashara si kanisa wala msikiti, na kwamba miaka sita ni zaidi ya subira.

Hoja yake si ya kudharau, hasa baada ya Mei 2023. Mwezi huo Benki Kuu ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, na kwa bei rasmi dola moja ikapanda kutoka karibu faranga 2,100 hadi zaidi ya 2,800. Mtaani ilikuwa ghali zaidi. Uhaba wa mafuta, uliokwisha kuanza kutuuma tangu 2021, ukapandisha nauli za mizigo. Kioo kizima cha futi 6 kwa 4 nilichokinunua kwa 45,000 mwaka 2019, mwaka 2024 kilinigharimu zaidi ya mara tatu. Kuna wiki nilikuwa na oda na sina kioo, huku nyuma yangu kuna rafu iliyojaa vioo.

Ndipo nilipokaa na kalamu. Fremu zilizo nyingi rafuni ni za 30 kwa 40. Hata kama zote 41 zingekuwa za ukubwa huo, kioo chake kwa jumla hakifiki mita 5 za mraba. Kioo kizima cha futi 6 kwa 4 kina mita 2.2 za mraba. Maana yake ni kwamba ningevunja rafu nzima ningepata kama vioo viwili, tena vipande vipande visivyofaa dirisha.

Kwa upande mwingine, mpaka ninapoandika, watu 19 wamekwisha kuja kuchukua fremu zao kwa salio la zamani. Kati ya hao, 11 walirudi kununua kioo cha dirisha, na wengine walileta majirani. Mtu aliyekuta picha yake salama baada ya miaka sita haulizi duka jingine liko wapi. Nilimwonyesha rafiki yangu wa Kasulu hesabu hiyo. Alinyamaza, kisha akasema na yeye ana daftari la wadeni wa 2015 nyumbani, na kwamba atalifungua.

Picha moja, ndugu wawili

Si kila picha iliyotoka kwenye rafu ilitoka kwa amani. Mojawapo ya zile tatu za zamani, ya mwaka 2014, ilikuwa nyeusi na nyeupe: mzee amesimama mbele ya nyumba ya matofali, mchikichi upande wa kulia. Aliyeileta ni mwanawe mdogo, aliyebaki nchini miaka yote, na hakuwahi kumaliza salio. Mwaka 2020 aliingia dukani mtu mwingine kununua kioo, akaiona, akashika meza. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee yule, wa mama mwingine. Alipelekwa Ulyankulu mgongoni mwa mama yake mwaka 1972 na kurejea 2009. Hakuwa amewahi kuona sura ya baba yake.

Ndugu hao wawili walikuwa na kesi ya shamba na walikuwa hawasalimiani. Wa kwanza aliitaka picha kwa ajili ya baba yake, na pia kwa ajili ya ile nyumba na mchikichi uliokuwa nyuma. Wa pili aliposikia alikuja mbio na risiti. Mkononi mwangu kulikuwa na karatasi moja ambayo mmoja aliilipia na mwingine aliililia.

Picha sikumpa yeyote siku hiyo. Nilimtuma kijana wangu wa karakana amwite shangazi yao, dada wa marehemu, ambaye bado alikuwa hai. Alikuja kwa miguu, akaitazama picha kwa muda mrefu, akasema picha halisi itakaa nyumbani kwake. Kila mmoja atatengenezewa nakala, na anayetaka kumwona baba yake mwenyewe aje kwake ale chakula. Hakuna aliyembishia. Kesi ya shamba iliendelea pale ilipokuwa, lakini nimesikia kwamba sikukuu hukutana kwa shangazi.

Tangu siku hiyo sitii fremu picha ya zamani kabla ya kuipiga nakala. Nawashauri wenzangu waliorejea wafanye hivyo hata kama hawana haja ya fremu. Picha nyeusi na nyeupe za zamani hudumu sana zikikaa pakavu. Picha za rangi za miaka ya 1980 na 1990, zile tulizopigwa makambini, hupoteza rangi hata zikiwa kwenye giza, na nyingi zimekwisha kugeuka nyekundu. Ajabu yake ni kwamba sura ya babu aliyepigwa kabla ya 1972 inaonekana vizuri kuliko ya mjukuu aliyepigwa 1992.

Jambo jingine, picha isigusane na kioo. Nchi yetu ya karibu na ziwa ina unyevu, na picha iliyobanwa kwenye kioo hunata. Rafuni nilikuta sita za namna hiyo. Ikinata, usiivute ikiwa kavu, itaacha sura ya mtu kwenye kioo. Ipige nakala ikiwa hapo hapo, kupitia kioo, ndipo ufikirie mengine. Ili isinate, weka ukanda mwembamba wa karatasi ngumu kuzunguka picha, ili pawe na nafasi ya hewa. Nyuma usiweke boksi la kahawia la dukani, kwa sababu hutia picha madoa ya manjano. Karatasi nyeupe safi kati ya picha na ubao wa nyuma inasaidia.

Kwa wanaovusha kioo

Wafanyabiashara wa mpakani wamekuwa wakiniuliza kama biashara ya kioo inafaa. Inafaa, kwa anayejua mambo matatu.

La kwanza ni namna ya kukibeba. Kioo husafirishwa kikiwa kimesimama kwa ukingo wake, hakilazwi. Kikilazwa kwenye gari, uzito wake wenyewe na matuta ya barabara humaliza. Kati ya kioo na kioo weka gazeti, ukingoni weka majani makavu au mpira. Cha kutia picha fremu ni cha milimita 2. Usilete cha dirisha cha milimita 3 au 4 ukidhani kitafaa, kitalemea kona za mbao.

La pili ni karatasi. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007 na katika Umoja wa Forodha tangu 2009. Mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kinachotolewa hapo hapo mpakani, asilipe ushuru wa forodha, mradi bidhaa imetengenezwa ndani ya Jumuiya na imo katika orodha. Cheti hicho hakikusamehi kodi nyingine. Zamani hilo halikutuhusu sisi wa vioo, kwa sababu vioo bapa vilitoka nje ya Afrika Mashariki. Tangu 2023 kipo kiwanda cha vioo bapa Mkuranga, Mkoa wa Pwani, Tanzania. Kwa hiyo kabla ya kununua Kigoma au Dar es Salaam muulize mwenye duka kioo kimetoka wapi, udai risiti inayosema hivyo, kisha waulize maofisa wa forodha kabla hujapakia mzigo.

La tatu ni kuvunjika. Panga bei ukijua kwamba kioo kimoja au viwili havitafika. Vipande usivitupe: kipande cha sentimita 20 kwa 25 ni fremu ya picha ya mtoto.

Fremu 22

Rafuni zimebaki fremu 22. Mzee bado hupita jioni, hakai muda mrefu. Huzihesabu kwa kuzigusa na vidole, kwa sababu sasa haoni karatasi za majina, kisha huuliza ni ya nani iliyoondoka.

Baadhi ya wenyewe nimepata habari zao. Wawili wamefariki, na picha zao zinasubiri watoto wao. Mmoja alipelekwa nchi ya mbali kutoka kambini. Waliobaki sijui waliko, lakini wengi majina yao na vilima vyao vimeandikwa katika daftari: Mabanda, Kayogoro, Kibago, Vugizo. Zamani hizo zilikuwa komini na tarafa za Mkoa wa Makamba. Tangu 2025 mipaka imebadilishwa na mkoa wetu sasa unaitwa Burunga, lakini atakayerudi ataulizia jina alilolikimbia, na watu watamwelekeza.

Nimeandika orodha ya majina hayo katika nakala kadhaa. Mfanyabiashara anayekwenda Manyovu, Kasulu, Kibondo au Kigoma na ambaye haoni uzito wa karatasi moja, apite dukani aichukue, aisome sokoni au kanisani au msikitini. Duka liko upande wa soko, lina kioo kikubwa cha kujitazamia mlangoni, na wasichana wa shule husimama hapo kutengeneza nywele. Asubuhi yupo kijana wangu, kuanzia saa 8 mchana nipo mimi.

Mwenye risiti aje na risiti. Aliyeipoteza aje hivyo hivyo, atutajie waliomo pichani na mahali ilipopigwa. Asiyekuwa bado na ukuta, tutaendelea kumtunzia. Salio ni lile lililoandikwa mwaka 2015.